Sikio nalo lina lugha yake

Juzi nilikuwa hotelini mtaani Kiwanjani, Isiolo, mzee mmoja Msomali alipomwambia mhudumu: "Mimi bia naomba chai." Vijana wa meza jirani wakaangua kicheko. "Mzee, hapa hakuna bia bana!" Mzee alikusudia 'pia'. Alikunywa chai yake kimya, akaondoka.

Aghalabu husemwa kwamba mtu kama huyo ana ulimi mzito. Kumbe jambo lenyewe huanzia sikioni. Kisomali kina sauti /b/, ila hakina /p/. Midomo hufungwa vilevile katika zote mbili. Tofauti ni kwamba nyuzi za sauti hutetemeka tunapotamka /b/. Sikio lililokulia katika lugha isiyotumia tofauti hiyo huzipokea kama sauti moja.

Mwaka wa 1984, Janet Werker na Richard Tees walichapisha matokeo ya majaribio nchini Kanada. Watoto wa miezi 6 hadi 8 kutoka familia za Kiingereza waliweza kutofautisha sauti mbili za /t/ za Kihindi. Wa miezi 10 hadi 12, wengi hawakuweza tena.

Wanaocheka nao wajipime. Wenyeji wa Mombasa na Lamu humtamka paa wa porini kwa mpumuo, na paa la nyumba bila mpumuo. Wengi wetu wa bara hatusikii tofauti yoyote!

Basi mwalimu, mtoto akiandika 'bata' badala ya 'pata', usimcheke. Mtamkie yote mawili kwa zamu, tena na tena, sikio lizoee kwanza. Ulimi utafuata.