Dada Weusi wa Southall: jina lililomtia shaka binti yetu



Kuna binti mmoja, mtoto wa sahibu yangu wa tangu skuli, aliyeolewa London na mtoto wa ami yake. Harusi tuliifanya hapa Maskati, tukala na tukaimba, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomsindikiza uwanja wa ndege. Mwaka wa pili akanipigia simu usiku, amejifungia chooni. Sitasimulia yote. Mume anampiga, pasipoti yake imefichwa, na kila akitaja kutoka huambiwa: "Nenda polisi uone. Viza inafutwa, unarudishwa kwenu na aibu yako." Alipokwenda kwenye ofisi moja kuomba msaada akajibiwa kwamba viza ya mke haimpi haki ya nyumba wala fedha za serikali. Jirani yake, bibi wa Kipunjabi, ndiye aliyempa nambari ya simu ya jumuiya moja iliyoko Southall.

Aliiweka nambari ile siku nne bila ya kupiga. Nilipomuuliza kwa nini, akanambia: "Mama mdogo, hao wanajiita Southall Black Sisters, Dada Weusi. Mimi si Mweusi. Wataniambia hapa si pako."

Niliposikia maneno hayo nilinyamaza kidogo, kwa sababu najua yametoka wapi. Yametoka majumbani mwetu. Sisi tunaozungumza Kiswahili chumbani na Kiarabu sokoni, neno "mweusi" tumelitumia zaidi kwa kumwekea mtu mpaka kuliko kwa kumkaribisha. Kwa hivyo nilimueleza binti jina lile limetokana na nini, na leo nakuelezeni na nyinyi, maana mabinti tunaowaoza Ulaya ni wengi.

Southall ni mtaa wa magharibi ya London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Ukishuka kwenye treni, jina la kituo limeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kipunjabi. Mara ya kwanza nilikwenda kutafuta vitambaa, nikaingia mkahawani kupumzika, na kwenye orodha ya vyakula nikaona neno "mogo". Kumbe ni muhogo wetu, umekaangwa kwa pilipili! Mzee wa meza ya pili aliponisikia nikizungumza na mwanangu akageuka: "Karibu mama, mmetoka wapi?" Kiswahili safi. Amezaliwa Kisumu.

Wahindi wa mwanzo kufika Southall, katika miaka ya 1950, wengi wao ni Wapunjabi waliokuja kufanya kazi viwandani, khasa kiwanda cha mpira. Baadaye wakaja wa Afrika Mashariki. Wa Kenya walikimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa na sheria ya 1968, na wa Uganda walipewa siku 90 na Idi Amin mwaka 1972. Karibu nao waliishi watu wa Jamaika na visiwa vyengine vya Karibi. Kila kundi na dini yake na chakula chake, na sina haja ya kukudanganyeni kwamba walipendana wote.

Lakini waliowachukia hawakuwabagua. Tarehe 4 Juni 1976 kijana wa Kisingasinga, Gurdip Singh Chaggar, mwenye miaka 18, alichomwa kisu na vijana wa kizungu, akafa karibu na sinema ya Dominion. Vijana wa mtaani wakaunda jumuiya yao. Miaka mitatu baadaye, 23 Aprili 1979, chama cha kibaguzi cha National Front kilipewa ukumbi wa mji wa Southall kufanya mkutano, na maelfu ya wakaazi wakatoka kupinga. Polisi wakawavamia. Mwalimu Blair Peach, mzungu kutoka New Zealand aliyekuja kuwaunga mkono, alipigwa kichwani akafa. Siku hiyo hiyo polisi waliingia kwenye nyumba ya Peoples Unite, jumuiya ya wanamuziki wa reggae wa Misty in Roots, wakapiga watu na kuvunja vyombo. Taarifa ya uchunguzi wa polisi wenyewe ilikaa imefichwa mpaka 2010 ndipo ikatolewa, na inasema aliyempiga Peach yumkini kabisa alikuwa askari. Hakuna aliyeshitakiwa. Leo ipo skuli ya msingi Southall yenye jina la Blair Peach.

Katika hali hiyo ndipo neno "Weusi" lilipochukuliwa kwa makusudi kuwa mwavuli. Mhindi, Mjamaika, Mwafrika, wote wakajiita hivyo. Halikuwa suala la rangi ya ngozi. Lilikuwa ni jina la wale wanaopigwa na fimbo moja. Mwaka huo huo wa 1979 wanawake wa asili ya Asia na wa asili ya Afrika na Karibi wakaanzisha Southall Black Sisters. Ni haki niseme pia kwamba siku hizi wengi wenye asili ya Afrika hawapendi mwavuli ule, wanaona umewafunika wao, na hoja yao ina uzito. Jumuiya hii hata hivyo imebaki na jina lake.

Linalonifanya niwaheshimu ni kwamba hawakuishia kwenye ubaguzi wa nje. Waligeuka wakatazama ndani ya nyumba, mahali ambapo wazee hawakutaka patazamwe. Wakaambiwa wanawaaibisha watu wao mbele ya wazungu. Kesi iliyowatia kwenye khabari za dunia ni ya Kiranjit Ahluwalia, mwanamke aliyetoka Punjab, akateswa na mumewe kwa miaka kumi. Mwaka 1989 alimwagia mume petroli alipokuwa amelala na kumtia moto, na mume akafa. Akahukumiwa kifungo cha maisha. Sisemi alifanya sawa. Lakini mahakama ya kwanza haikupewa picha nzima ya miaka kumi ile, na Southall Black Sisters wakasimama naye, wakaandamana, wakatafuta mawakili. Mwaka 1992 hukumu ya mauaji ikafutwa, akakubaliwa kosa dogo zaidi la kuua akiwa na akili iliyodhoofika, na akatoka kwa muda aliokwishatumikia.

Mwaka 2008 wao wenyewe nusura wafungiwe. Baraza la Ealing, linalosimamia Southall, lilitaka fedha ziende kwa huduma moja ya wanawake wote, bila ya kuwatenga wa makabila madogo. Ukisikia hivi hivi unaona ni uadilifu. Lakini mwanamke asiyejua lugha, mwenye viza mkononi mwa mumewe, hana shida sawa na jirani aliyezaliwa pale. Wanawake wawili wakalipeleka baraza mahakamani, na baraza likarudi nyuma kesi ingali inasikilizwa.

Sasa lile la viza, na hapa naomba msome polepole. Jumuiya hii ilipigania kwa miaka mingi wake wa kigeni wasilazimike kuchagua baina ya kipigo na njaa. Tangu Aprili 2012, aliyeingia Uingereza kwa viza ya mume au mke na ndoa ikavunjika kwa mateso anaweza kuomba ruhusa ya miezi mitatu ya kupata msaada wa serikali, na ndani ya muda huo akaomba ukaazi wake mwenyewe. Yaani vile vitisho vya "viza inafutwa na unarudishwa" vilikuwa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyomfunga mtoto wa watu chooni.

Wengine mtaniuliza mtajuaje kampeni ya kweli, maana kila wiki WhatsApp inatuletea picha ya mtoto analia na nambari ya akaunti. Jumuiya za hisani za Uingereza na Wales zina daftari la serikali, liko wazi kwenye intaneti bure. Tia jina, utaona hesabu na wasimamizi. Mimi huangalia na jambo la pili: wanaosema wanawatetea, ni wao wenyewe waliofikwa, au ni watu wanaowasemea? Na kabla hujakusanya michango kwa ajili yao hapa Ghuba, kumbuka kwamba nchi zetu nyingi zinataka rukhsa kwanza.

Binti alipiga simu Jumatatu mchana, mume yuko kazini. Waliyozungumza ni yake, sitayaandika. Mama yake alipojua, la mwanzo aliloniuliza ni watu watasema nini. Nikamwambia mtoto yuko salama, na pasipoti yake imepatikana.