Je, Wajua? Kifua cha Mwanamume Baada ya Kisu

Je, wajua kwamba mwanamume aliyepunguzwa matiti anaweza kurudi kwa daktari akilalamikia shimo? Aliingia chumba cha upasuaji kifua kimejaa, akatoka na kibonde chini ya chuchu, mviringo kama kisosi. Aliyemkata alichota tezi yote hadi kwenye msuli, na chuchu ikabaki haina cha kukalia.

Je, wajua kwamba kuacha kidogo ni sehemu ya ufundi? Madaktari wengi hubakiza kipande cha tezi chenye unene wa sentimita 1 hivi nyuma ya chuchu. Ukiambiwa "tumetoa yote, hakuna kilichobaki," usishangilie mapema.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, tena ni la kawaida zaidi: mafuta yamenyonywa kwa bomba, kifua kimelala vizuri, ila chuchu bado zimetuna. Bomba hunyonya mafuta, lakini tezi ni ngumu kama mpira na mara nyingi hukataa kutoka. Hapo dawa ni kurudi kwa mkato mdogo na kuitoa. Kazi hiyo mara nyingine hufanywa kwa ganzi ya mahali, na mtu akarudi kwake jioni.

Je, wajua kwamba maandishi ya zamani sana kuhusu upasuaji huu yametoka kwa daktari aliyefanya kazi Afrika? Paulo wa Egina, Mgiriki wa karne ya 7, alikuwa Aleksandria, Misri. Aliagiza mkato wa umbo la mwezi mwandamo chini ya titi, mafuta yatolewe, kisha pashonwe. Titi likiwa limelegea, mikato iwe miwili, ikutane nchani, na ngozi ya katikati iondolewe. Al-Zahrawi wa Kordoba, aliyefariki mwaka 1013, naye aliandika juu ya tiba hiyo kwa Kiarabu. Leo mtu aliyepunguza kilo nyingi akabaki na ngozi inayoning'inia bado hutibiwa kwa wazo lile lile: ngozi iliyozidi haitapungua kwa kunyonywa mafuta, lazima ikatwe.

Je, wajua kwa nini kovu hufichwa ukingoni mwa duara la chuchu? Mwaka 1946 Jerome Webster, daktari wa Marekani, alichapisha mkato wa nusu duara unaofuata mahali rangi mbili za ngozi zinapokutana. Jicho halioni mstari pale ambapo tayari kuna mpaka. Kwa ngozi nyeusi kovu hilo hupona vizuri mara nyingi, ingawa linaweza kuacha mstari mweupe mwembamba.

Katikati ya kifua mambo ni mengine. Hapo ni mojawapo ya sehemu zinazopendwa mno na keloidi, yaani kovu linalovimba kupita mpaka wa jeraha, na ngozi nyeusi ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko mwanzo. Hutibiwa kwa sindano za triamsinoloni ndani ya kovu, mara kadhaa, kwa subira. Kwa hiyo kama kovu lako la chanjo begani lilivimba, au sikio lililotobolewa likaota uvimbe, mwambie daktari kabla hajashika kisu. Usingoje akuulize.

Je, wajua kwamba si kila kinundu cha wiki za kwanza ni kosa? Kovu la ndani huwa gumu, kisha hulainika polepole. Ndiyo maana marekebisho husubiri angalau miezi 6, na wengine hutaka mwaka mzima. Anayekubali kukukata tena baada ya wiki 5 kwa sababu umemlilia, mkimbie.

Kuna jambo moja lisilosubiri: upande mmoja ukivimba ghafla, ukawa mgumu na wenye maumivu makali saa chache baada ya upasuaji. Hiyo ni damu inayojikusanya. Rudi hospitali usiku huo huo.

Je, wajua kwamba hali ya hewa ya Lubumbashi, Kongo, inaweza kukusaidia kuchagua tarehe ya upasuaji? Baada ya kisu, fulana ya kubana huvaliwa wiki 4 hadi 6, mchana na usiku. Oktoba, jua la mji huu likipita nyuzi 30, fulana hiyo ni adhabu, na anayeivua ili apumue hujikaribishia majimaji chini ya ngozi. Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Hapo unaivaa ndani ya koti, na hata jirani yako wa mtaa wa Katuba hajui.

Na kujulikana ndiko wanaume wengi wanakokuogopa. Kijana ambaye kila wakigawana timu uwanjani hukimbilia upande wa wenye jezi, wala si wa vifua wazi, ana sababu yake. Wazazi wajue hivi: matiti yanayoota wakati wa kubalehe ni ya kawaida kabisa, na mengi hupotea yenyewe ndani ya miaka 2 hivi. Kumkata mapema ni kumtafutia marekebisho ya bure.

Je, wajua kwamba kifua kizuri kinaweza kujaa tena kwa sababu chanzo hakikuguswa? Spironolaktoni ya moyo na ini inaweza kuotesha tezi. Simetidini ya tumbo pia. Homoni za kujenga misuli, zile zinazouzwa kwa kunong'onezana, ni mojawapo ya visababishi vikubwa. Efavirenzi nayo imo: mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliifanya chaguo linalopendekezwa kwa wanaoanza tiba ya VVU, kisha mwaka 2019 dolutegraviri ikathibitishwa kuwa chaguo la kwanza. Anayemeza yoyote kati ya dawa za hospitali asiiache kichwakichwa. Aliyemwandikia ndiye wa kumbadilishia.

Je, wajua kwamba takriban saratani 1 kati ya 100 za matiti humpata mwanamume? Tezi iliyotolewa ipelekwe maabara. Mtu akienda kutafuta marekebisho, iwe hospitali ya Sendwe, Cliniques Universitaires au ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Zambia, abebe majibu hayo pamoja na ripoti ya opereshoni ya kwanza. Bila karatasi hizo daktari wa pili anakata gizani.

Je, wajua jinsi daktari anavyolipima lile shimo la chini ya chuchu? Anakwambia uweke mikono kiunoni na kuibana kwa nguvu. Msuli wa kifua ukikaza na chuchu ikavutwa ndani, basi imegandamana na msuli. Anajua kwamba kabla ya kulijaza shimo kwa mafuta ya mgonjwa mwenyewe, atalazimika kwanza kuitenganisha.

Kisha huja sehemu ninayoiona ya ajabu kuliko zote. Mafuta hunyonywa tumboni au pajani, na bomba la sindano husimamishwa wima. Baada ya muda yanajigawa: juu mafuta laini yaliyoyeyuka, chini maji na damu, katikati tabaka la manjano lenye chembe hai. Hilo la katikati ndilo linalotakiwa, mengine yanamwagwa. Kwa mrija mwembamba wenye ncha butu, daktari huyaingiza mafuta hayo ya katikati kifuani kidogo kidogo huku akiurudisha mrija nyuma, uzi mmoja mmoja, tabaka juu ya tabaka. Akimimina donge kubwa, chembe za katikati hazifikiwi na damu, zinakufa. Hata kwa mkono mzuri sehemu ya mafuta hufyonzwa na mwili katika miezi ya kwanza, hivyo wengine huhitaji kurudia. Sigara hupunguza damu kwenye ngozi na kuharibu kazi yote.

Na je, wajua kwamba mafuta ya tumbo yakihamia kifuani hayaachi tabia yake? Yaliyopona huendelea kuishi kama pale yalipotoka. Ukinenepa, nayo hunenepa, na shimo lililozibwa kwa shida linaweza kugeuka kilima. Katika mji ambao kitambi bado kinamfanya mtu aitwe bosi, habari hii haina wapenzi wengi.