Ganda la Polima Bado Linatafuta Mnunuzi

Risasi moja ya NATO ya milimita 7.62 ina uzito wa gramu 24 hivi. Kichwa chake, ndicho kiendacho kwenye shabaha, hakifiki gramu kumi. Karibu nusu ya uzito wote ni ganda la shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30, ambalo bunduki hulitupa nje mara tu risasi inapofyatuka. Askari amelibeba siku nzima ili aliache chini.

Ndiyo maana kampuni kadhaa za Marekani zimewekeza fedha nyingi katika ganda la polima, yaani plastiki ngumu. Ahadi yao ni kupunguza uzito wa risasi nzima kwa asilimia 30 hivi. Kwa risasi elfu moja za 7.62, hizo ni kilo saba. Hesabu inavutia, lakini soko limekuwa zito, na kwa maoni yangu plastiki yenyewe si sababu kubwa.

Tuangalie kwanza kazi ya ganda. Fataki ikigongwa, baruti huwaka na gesi hulitanua ganda mpaka linakaba kuta za chemba. Likikaba hivyo, gesi ya moto haipati njia ya kumrudia mpigaji. Kufumba na kufumbua, presha imeshuka, shaba imenywea kidogo, na ndoano ya bunduki imekamata ukingo wa kitako na kulichomoa. Ganda likianguka chini huwa la moto, maana limeondoka na sehemu ya joto la chemba. Kazi zote hizo zinafanywa na kipande kimoja cha madini, na viwanda vimekuwa vikikinoa kwa zaidi ya karne moja.

Polima haipitishi joto upesi, kwa hiyo chemba haipati moto sana kama ilivyo kwa shaba. Kwa bunduki ya rashasha hiyo ni faida ya kweli. Udhaifu wake uko kitakoni: ndoano ingeweza kuung'oa ukingo wa plastiki, na ndiyo maana miundo mingi ina kitako cha chuma au shaba kilichounganishwa na mwili wa polima. Kiungo hicho kikiachia, kitako hutoka peke yake na mwili hubaki umekwama chembani. Hapo bunduki haipigi tena mpaka mtu alichokonoe ganda. Tena plastiki huhitaji kuta nene kuliko shaba, na katika risasi za vipimo vya zamani unene huo hula nafasi ya baruti. Mhandisi anayebuni risasi mpya na bunduki yake kwa pamoja ana uhuru mkubwa kuliko yule anayelazimika kufuata chemba iliyochongwa kwa ajili ya shaba.

Uhuru huo ulipatikana Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilipotafuta silaha mpya ya milimita 6.8. Mwaka 2019 washindani walibaki watatu. Textron ilileta risasi ambayo kichwa kimezamishwa ndani ya ganda la polima, tunda la utafiti ulioanza 2004. General Dynamics ilileta bunduki iliyotumia risasi za True Velocity ya Garland, Texas, zenye ganda la polima na kitako cha chuma. SIG Sauer ikaja na ganda la madini mawili: mwili wa shaba, kitako cha chuma. Aprili 2022 SIG ikapewa mkataba wa miaka kumi.

Ganda la SIG linahimili presha ya pauni 80,000 kwa inchi ya mraba, juu sana ya risasi za kawaida za bunduki. Naliona kama chaguo la nguvu mbele ya wepesi, na gharama yake inaonekana kiunoni mwa askari: mwenye M7, bunduki hiyo mpya ya SIG, anabeba risasi 140 katika magazini saba, ilhali mwenye M4, bunduki ya awali, alibeba 210.

True Velocity ikabaki na teknolojia bila mteja mkubwa. Ilijaribu soko la raia kwa risasi za .308. Mwaka 2022 ilitangaza mpango wa kuingia soko la hisa kwa kuungana na kampuni ya Breeze Holdings. Mwaka uliofuata mpango ukavunjika. Soko la raia nalo lina mazoea yake. Kwenye viwanja vya shabaha vya Marekani, wapigaji wengi huinama baada ya mazoezi kuokota maganda yao, wayajaze upya nyumbani, au wayauze kama skrepa. Ganda la polima kwa kawaida halijazwi tena kwa vifaa walivyonavyo, na muuza skrepa halitaki. Uzito nao haumsumbui mtu anayetembea hatua chache kutoka kwenye gari lake.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko Independence, Missouri. Kiwanda cha Lake City ni mali ya jeshi, kipo tangu 1941, na sasa kinaendeshwa na Olin Winchester. Mitambo yake imezoea kuvuta na kukanda shaba, na jengo jipya la risasi za 6.8 linajengwa kwa ajili ya ganda la madini. Polima inahitaji mashine za kumimina plastiki kwenye kalibu, ukaguzi wa aina nyingine na mafundi wa aina nyingine. Serikali ikishamwaga zege kwa ajili ya ganda la madini, haigeuki kwa sababu ya kilo saba.

Matumaini yangu nayaweka kwenye bunduki nzito. Mwanzoni mwa 2020 Wanamaji wa Miguu wa Marekani waliipa MAC LLC ya Mississippi mkataba wa takriban dola milioni 10 kwa risasi za .50 zenye ganda la polima. Risasi moja ya .50 ya shaba ina gramu 115 hivi. Helikopta yenye risasi 600 imebeba kilo 69 za risasi. Zikipungua robo, zinapatikana kilo 17 za kujazia mafuta au dawa. Hapo bunduki ni ileile ya zamani, mnunuzi halazimiki kubadili silaha, na kila kilo ina bei inayojulikana kwa saa ya kuruka. Kampuni ikithibitisha kwamba kiungo chake hakiachii katika baridi kali wala katika chemba iliyochemka, muuzaji ataweza kukaa mezani na mhasibu wa kikosi cha anga wakaelewana kwa tarakimu, jambo ambalo bunduki ya askari wa miguu haijampa bado.