Rimoti ya Mchezo Yaweza Kuendesha Kompyuta

Kila mtu aliyekaa mbele ya televisheni aijua rimoti. Waielekeza, wabonyeza, na sauti hupanda au hushuka. Rimoti ya namna hiyo husema tu. Haisikii wala haioni. Lakini iko nyingine ambayo yaona, yahisi mkono unavyokwenda, na huzungumza na mashine yake kwa redio. Hiyo ni rimoti ya mashine ya michezo iitwayo Wii, iliyotengenezwa na kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto, Japani, na kuanza kuuzwa mwezi wa Novemba 2006. Mashine hizo ziliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani. Siku hizi hazitengenezwi tena, na rimoti zake nyingi zimelala makabatini au huuzwa pamoja na vitu vikuukuu. Nataka kueleza jinsi rimoti hiyo iwezavyo kuunganishwa na kompyuta ya kawaida, ikafanya kazi ya kipanya, na baadaye kazi kubwa kuliko hiyo, ambayo shule isiyo na fedha nyingi yapaswa kuijua.

Kwanza tuangalie kilichomo ndani yake, maana asiyejua hayo atahangaika bure.

Mna chombo kidogo cha kupima mwendo, kiitwacho akselerometa. Fikiri abiria aliyesimama ndani ya basi. Dereva akikanyaga breki, abiria huenda mbele. Basi likiondoka kwa ghafla, huangukia nyuma. Hata akifumba macho aweza kujua basi linafanya nini, kwa jinsi mwili wake unavyoyumba. Ndani ya akselerometa mna kipande kidogo mno kilichoshikwa na springi nyembamba, nacho huyumba kama abiria yule. Umeme hupima kimeyumba kiasi gani, kwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Hata rimoti ikitulia mezani, kipande hicho huvutwa na dunia, kwa hiyo rimoti hujua chini ni wapi na imeinamishwa upande gani. Ila jambo moja laishinda. Ukiishika ikiwa imelala sawasawa, kisha ukaigeuza polepole kutoka kushoto kwenda kulia, chini hubaki chini palepale, na abiria wetu hapati habari yoyote. Hiyo ndiyo sababu moja ya kuhitaji jicho.

Jicho lenyewe ni kamera iliyo nyuma ya kidirisha cheusi cha mbele. Kidirisha hicho huzuia mwanga tuuonao sisi, na kupitisha mwanga wa infraredi, ambao macho ya binadamu hayauoni. (Ukitaka kuusadiki mwanga huo, elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu na kubonyeza kitufe. Katika simu nyingi utaona kitaa kikimetameta kwenye kioo, ingawa kwa macho huoni kitu.) Kamera ya rimoti haipeleki picha. Yenyewe hutafuta nukta zing'aazo, zisizozidi nne, na kupeleka namba za mahali zilipo, basi. Picha ni mzigo mkubwa kwa redio ndogo. Namba chache ni mzigo mwepesi, nazo zaweza kufika mara 100 katika sekunde moja.

Nukta hizo zatoka wapi? Hapa ndipo watu wengi wamedanganywa na jina. Mashine ya Wii huja na kijiti cheusi cha kuwekwa juu au chini ya televisheni, na jina lake la Kiingereza humfanya mtu adhani kwamba kijiti hicho ndicho kinachoihisi rimoti. Hakihisi chochote. Ni taa tu: vitaa vya infraredi vitano upande huu na vitano upande ule, na waya wake ni wa kuleta umeme. Anayetazama ni rimoti, kijiti hutazamwa. Kwa kuwa ni hivyo, kompyuta haihitaji kijiti cha Nintendo hata kidogo. Vitaa viwili vya infraredi, vikiwa mbali kama sentimita 20 na kuunganishwa na betri, vyatosha. Ila usiviunge bila resista ya kupunguza umeme, maana vitaungua. Hata mishumaa miwili hufaa, kwa kuwa mwali hutoa infraredi kwa wingi. Lakini mishumaa na mapazia havipatani, na bwenini isijaribiwe kabisa.

Kwa nukta mbili rimoti yaweza kueleza mambo matatu. Mahali palipo katikati yake pasema umeelekeza wapi. Nafasi iliyo kati yake yasema uko mbali au karibu, kwa kuwa ukisogea nyuma nukta huonekana zimekaribiana. Na mstari upitao katika nukta hizo ukilala upande, maana yake umeupindua mkono.

Sasa tuje kwenye kuunganisha. Redio iliyomo ni Bluetooth, ileile ya simu. Kompyuta isiyokuwa nayo hupewa kidude kidogo cha kuchomekwa katika tundu la USB. Tia betri mbili katika rimoti, bonyeza kitufe 1 na kitufe 2 kwa pamoja, na vitaa vinne vya buluu vitaanza kumetameta. Una muda wa sekunde 20 hivi. Kompyuta ikitafuta, itaona jina linaloanza na Nintendo RVL-CNT-01. Yawezekana itakuuliza namba ya siri, nawe usipoteze muda kuitafuta karatasini. Ukitumia vitufe hivyo viwili, namba ya siri ni anwani ya rimoti yenyewe ikisomwa kinyume, tena kwa alama ambazo aghalabu haziandikiki kwa vidole. Katika Windows watu huchagua kuendelea bila namba. Katika Linux programu za Bluetooth zakijua kitendawili hiki na hukijibu zenyewe.

Baada ya hapo wengi hukata tamaa. Kompyuta yasema rimoti imeunganishwa, lakini vitaa vyaendelea kumetameta na mshale hausogei. Rimoti si mbovu. Kuunganishwa ni kama watu wawili kujulishana majina, na kila mmoja bado ana lugha yake. Kipanya huiambia kompyuta, "Sogeza mshale kidogo kulia." Rimoti haisemi hivyo kamwe. Husema, "Kitufe A kimebonyezwa, nukta ya kwanza iko 512 na 300, nukta ya pili iko 640 na 305." Lazima awepo mkalimani, yaani programu ya kugeuza habari hizo kuwa amri ambazo kompyuta yazijua.

Nintendo haikuandika kamusi ya lugha hiyo kwa ajili ya watu wa nje. Ilipatikana kwa watu kuisikiliza rimoti, kubonyeza kitufe kimoja, kutazama namba ipi imebadilika, na kuandika. Kazi hiyo ya subira yafaa kusifiwa kuliko programu zozote zilizoifuata. Kwa Windows, Carl Kenner aliandika programu iitwayo GlovePIE, na Brian Peek akaandika WiimoteLib, ambayo waandishi wengine wa programu waliitumia. Katika Linux mkalimani huyo amekaa ndani ya kiini cha mfumo wenyewe tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011.

Katika programu kama GlovePIE mtu huandika mistari michache: kitufe A kiwe kubofya kwa kushoto, kitufe B kiwe kubofya kwa kulia, alama ya kujumlisha iwe kufungua ukurasa unaofuata. Kwa kazi ya kuendesha mshale, jambo moja huwasumbua wanaoanza. Ukielekeza rimoti kulia, kwa jicho lake nukta huenda kushoto, kama vile miti ionekanavyo kurudi nyuma basi linapokwenda mbele. Programu ni sharti igeuze upande. Tena mkono wa mtu hutetemeka, na mshale hutetemeka nao. Dawa yake ni kuchukua wastani wa habari kadhaa zilizopita. Ukizidisha, mshale huwa mzito na kuchelewa nyuma ya mkono.

Mpaka hapa tumepata kipanya cha hewani, kizuri kwa kufungua kurasa mbele ya darasa, lakini si ajabu kubwa. Ajabu ililetwa mwaka 2007 na Johnny Chung Lee, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani. Aliona kwamba ikiwa rimoti ndiyo inayotazama, hakuna sheria isemayo iwe mkononi. Akaiweka mahali pamoja, na kuacha taa ndiyo itembee. Alitengeneza kalamu yenye kitaa cha infraredi penye ncha, betri, na swichi. Projekta hutupa picha ya kompyuta ukutani, rimoti hutazama ukuta huo, na kalamu ikiwashwa, kompyuta hudhani ni kipanya kilichobonyezwa. Kabla ya kuanza, mwandishi hugusa pembe nne za picha kwa kalamu, programu ikapiga hesabu ya kulinganisha lionwalo na rimoti na lililo katika kioo cha kompyuta. Hivyo ukuta mtupu ukawa ubao wa kuandikia wa kielektroniki. Mbao za namna hiyo ziliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Rimoti iliuzwa kwa dola 40 hivi, na programu aliitoa bure. Tena kwa kuwa jicho lafuata nukta nne, watu wawili waweza kuandika kwa wakati mmoja.

Shule yenye projekta na kompyuta moja haina sababu ya kungojea ubao wa bei kubwa. Lakini pana masharti mawili. Mwalimu asisimame kati ya rimoti na kalamu, maana mwili wake ukiikinga nukta, maandishi hukatika. Kwa hiyo rimoti huwekwa pembeni na juu, mahali ambapo kivuli cha mwandishi hakifiki. La pili ni jua. Mwanga wake umejaa infraredi, na jua likipiga ubaoni, rimoti hushindwa kuitambua nukta ya kalamu. Darasa lenye madirisha ya upande wa magharibi laweza kutumika vizuri saa tatu za asubuhi, na kufika saa kumi alasiri, bila mapazia mazito, halifai.