Mkono Ukitetemeka, Kibodi Isubiri

Mkazi wa Buger, kata ya wakulima wilayani Karatu, akitaka kutuma maombi ya kazi hutumia simu janja yake au huenda steshenari mjini. Mkono wake ukiwa unatetemeka, kazi inakuwa ngumu hapohapo. Herufi moja inajiandika mara tatu, kipanya kinakimbilia pembeni, na kijana wa steshenari, kwa nia njema kabisa, anavuta kibodi na kumwandikia kila kitu, hadi neno la siri.

Mikono husumbua kwa sababu nyingi: kiharusi, mtindio wa ubongo, au ugonjwa wa Parkinson, ambao huua taratibu seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza miondoko ya mwili. Utafiti wa nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa 33 wa Parkinson kati ya watu 161,071. Zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaugua nini. Karatu ina bahati kidogo: hospitali ya FAME imekuwa ikipokea madaktari wa mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani.

Dawa ni kazi ya daktari, lakini kompyuta nayo inaweza kurekebishwa, tena bila gharama. Kwenye Windows, bonyeza Shift mara tano mfululizo: kitatokea kidirisha kinachokuruhusu kubonyeza vitufe kimoja baada ya kingine, badala ya kushikilia viwili au vitatu kwa pamoja. Shikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane, na utapewa njia ya kuifanya kibodi ipuuze miguso ya bahati mbaya na ile inayojirudia. Asiyeweza kutumia kipanya anaweza kusogeza mshale kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia wa kibodi. Haya yote yamo tangu Windows ya mwaka 1995. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaonyesha.

Kwenye simu, Google iliongeza kuandika kwa sauti kwa Kiswahili mwaka 2017. Inasaidia, ila isisifiwe kupita kiasi. Parkinson hufifisha sauti, mtindio wa ubongo mara nyingi huvuruga matamshi, na bibi anayezungumza Kiiraqw pekee, lugha ya wenyeji wa Karatu, hafaidiki nayo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 ipo kulinda haki za watu hawa, lakini mengine yanamalizwa na fundi wa mtaani. Kibao chembamba chenye matundu, kikilazwa juu ya kibodi, humwezesha mtu kuegemeza mkono bila kugusa vitufe asivyovitaka. Mwenye steshenari naye anaweza kufungua akaunti ya pili kwenye kompyuta yake, aweke humo mipangilio ile ya kibodi na kupunguza kasi ya kipanya. Wateja wengine wataendelea na akaunti yao ya kawaida.