Windows na Linux katika kipakatalishi kimoja: Diski igawanywe kwa makini

WAHENGA walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Hata hivyo, mwenye kipakatalishi anaweza kuweka mifumo miwili ya uendeshaji katika mashine moja na kuitumia kwa zamu, mradi aigawe diski kwa utaratibu.

Haja ya kufanya hivyo imeongezeka tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 huhitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi kuukuu hazina. Mwenye mashine kama hiyo anaweza kutumia Linux, isiyotozwa ada, kwa shughuli za intaneti, na kubakisha Windows kwa ajili ya programu chache asizoweza kuziacha.

Mojawapo ya mifumo ya Linux inayofahamika sana ni Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake lina maana ya utu.

Diski ni mithili ya shamba. Kabla ya ndugu wawili kulima, sharti mipaka iwekwe. Kosa moja wakati wa kupima laweza kufuta picha, tasnifu na hesabu za miaka mingi. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kunakili faili zote muhimu katika diski nyingine.

Hatua ya pili ni kuchunguza iwapo Windows imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, ufunguo wake wenye tarakimu 48 uandikwe karatasini, kwani mashine huenda ikauitisha mpangilio wa kuwaka unapobadilishwa. Aidha, uwashaji wa haraka wa Windows uzimwe. Ukiachwa, Windows huwa haijazimika kabisa, na Linux ikiandika katika sehemu yake, faili zaweza kuharibika.

Baada ya hapo, sehemu ya Windows ipunguzwe kwa kutumia chombo cha Windows chenyewe kiitwacho Disk Management. Kwa diski ya GB 256, kutenga GB 60 kwa ajili ya Linux kunatosha kwa kazi za kawaida. Nafasi hiyo iachwe wazi, bila kupewa herufi wala kuundwa upya.

Kisha mashine iwashwe kwa flashi yenye Ubuntu. Hapa ndipo wengi hujuta. Chaguo la kufuta diski nzima huangamiza Windows pamoja na kila kilichomo. Linalofaa ni lile la kuweka Ubuntu kando ya Windows, au la kugawa diski kwa mkono.

Anayegawa kwa mkono huunda sehemu moja kuu ya Linux kwa muundo wa ext4, na akipenda, nyingine ya faili zake binafsi. Sehemu ndogo iitwayo EFI isiundwe upya kamwe. Humo ndimo mifumo yote miwili huhifadhi programu zake za kuwashia.

Programu ya Linux ya kuwashia huitwa GRUB. Hiyo ndiyo bawabu wa mashine: mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kuwasha, humwonyesha orodha ya mifumo ili achague. Inashauriwa Windows itangulie kuwekwa, Linux ifuate. Katika mashine za zamani zisizotumia UEFI, Windows ikiwekwa mwisho humwondoa bawabu huyo mlangoni.

Mashine hizo zilikuwa na kikwazo kingine. Mpango wao wa diski, MBR, uliruhusu sehemu kuu nne tu, na mara nyingine zote zilikuwa zimekwisha kutumiwa na mtengenezaji. Chini ya mpango mpya wa GPT, Windows huruhusu sehemu 128.

Hata kazi ikikamilika salama, flashi isitupwe. Mnamo Agosti 2024, sasisho la usalama la Windows lilizuia baadhi ya mifumo ya Linux kuwaka katika mashine za aina hii. Pindi orodha ya GRUB inapotoweka, aghalabu data huwa ingali salama. Kwanza mtumiaji aingie katika mipangilio ya UEFI na kuirejesha Ubuntu juu ya orodha. Hilo lisipofaulu, flashi ile ndiyo itakayomwezesha kuiweka GRUB upya.

Vilevile, asishtuke saa ikibadilika. Linux huichukulia saa ya mashine kuwa ya wakati wa kimataifa, ilhali Windows huihesabu kuwa ya mahali ilipo. Anayetoka Linux saa sita adhuhuri jijini Nairobi huenda akaikuta Windows ikionyesha saa tatu asubuhi. Amri moja katika Linux, timedatectl set-local-rtc 1, huondoa tofauti hiyo.