Mtoto wa mbwa si wako peke yako

Katika barabara zetu za hapa Dar es Salaam, magari yanapokwama jioni, si ajabu kumwona kijana amekumbatia watoto wa mbwa wawili watatu akiwanadi kwa wenye magari. Wanapendeza, na bei hushuka kila foleni inaposogea. Mtu hulipa, humtia mnyama ndani ya boksi, akafika naye nyumbani kabla hajajua atalala wapi. Rai yangu wiki hii ni kwamba mbwa wa mjini hanunuliwi hivyo. Kwanza unamwandalia mahali, ndipo unamchagua, ndipo unamleta.

Nasema hivyo kwa sababu ya namna tunavyoishi. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma ambako bomba, jiko na choo ni vya wote. Hata pale nyumba hizo zilipobomolewa na maghorofa yakasimama, ngazi ni moja na korido ni moja. Mbwa wa shambani ni wa mwenye shamba. Mbwa wa Kariakoo ni wa nyumba nzima. Akibweka usiku watakesha wote, na akiuma, wa kwanza kuumwa huenda akawa mtoto wa jirani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kubisha hodi kwa mwenye nyumba na kwa wapangaji wenzako. Majirani wetu wengi katika mitaa hii ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi: chombo alichoramba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Dini hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi na wa kuwinda. Basi mazungumzo ya heshima yanawezekana. Kubalianeni mbwa atakaa wapi, atafungwa saa ngapi, na kwamba hatasogelea ndoo za maji, majamvi wala vyombo vya watu. Kama hakuna kona ya ua inayoweza kutengwa, ni afadhali uahirishe jambo lenyewe.

Baada ya hapo jiulize unamtaka mbwa wa nini. Wengi hukimbilia jamani shepadi kwa sababu ya sura na sifa. Ni mbwa hodari, lakini ni mkubwa, anakula sana, ana manyoya mazito, na anahitaji mazoezi kila siku. Mbwa wenye pua fupi iliyobonyea hupumua kwa shida katika joto la Februari na Machi. Mbwa wetu wa kienyeji, tunayemdharau kwa kumwita koko, ana manyoya mafupi, amezoea joto hili, na akilelewa vizuri ni mlinzi mzuri wa ua.

Katika kuchagua, usianze na rangi. Anza na umri. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8, kwa kuwa ni kwa mama na ndugu zake anakojifunza kutouma kwa nguvu. Muuzaji atakwambia ana miezi miwili, nawe fungua kinywa uangalie. Meno ya utoto huanza kuchomoza kwenye wiki ya 3 na hukamilika karibu na wiki ya 8. Ukikuta meno machache tu ya mbele, na magego hayajatoka, huyo bado ni wa kunyonya.

Pili, omba kumwona mama. Mama mpole, asiyetetemeka wala kurukia watu, ni dalili njema kuliko maneno ya muuzaji. Asiyeweza kukuonyesha mama mara nyingi hajui mnyama alikotoka. Kisha tazama macho na pua, visiwe na uchafu. Manyoya yasiwe na mabaka wala kupe. Na sehemu ya nyuma isiwe na alama za kuharisha. Tumbo lililovimba kwa mwili uliokonda ni minyoo, wala si shibe. Mwisho, dondosha funguo chini. Anayeshtuka kisha akaja kunusa ndiye wa kuchukua. Aliyejificha asitoke atakusumbua, na anayewakanyaga wenzake wote atahitaji mlezi mwenye uzoefu.

Maandalizi ya nyumbani hayahitaji fedha nyingi. Bakuli mbili nzito, ukanda wa shingo, kamba, boksi kubwa au banda lenye kivuli, na matambara yanayofulika: vyote hivyo utavipata Kariakoo. Zaidi ya kununua, kuna kuondoa. Wale wachuuzi wanaopita na vipaza sauti wakitangaza dawa ya panya, mende na kunguni wamefanya nyumba nyingi ziwe na sumu chini ya kabati, na mtoto wa mbwa huonja kila kitu. Funika mitaro, inua nyaya za umeme, sogeza jiko la mkaa.

Chakula kiwe kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku. Ugali laini wenye dagaa waliosagwa au nyama iliyopikwa unafaa, lakini ugali mtupu hautoshi. Mifupa ya kuku iliyopikwa humeguka kama sindano, na chokoleti na vitunguu ni sumu kwake. Usiku wa kwanza atalia. Tambara lenye harufu ya mama yake litamtuliza kuliko kofi. Kila anapoamka na kila anapomaliza kula mpeleke pale pale penye mchanga, naye atajua choo ni wapi.

Sasa nifike kwenye jambo lenye uzito kuliko yote. Ndani ya siku chache za mwanzo mpeleke kwa daktari wa mifugo apewe dawa ya minyoo, maana minyoo ya mbwa huweza kuingia kwa watoto wanaocheza mchangani. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wengi wa mbwa, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 na hurudiwa hadi wiki ya 16. Kabla haijakamilika usimtembeze mitaani, kwa sababu kirusi hicho hudumu ardhini kwa miezi mingi. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa afikapo miezi 3, kisha hurudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Tunza kitabu chake cha chanjo.

Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 katika kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kinga yake ni kuchanja mbwa 7 katika kila 10. Pemba imetuonyesha: kampeni za chanjo zilimaliza ugonjwa kisiwani, lakini mwaka 2016 uliibuka tena baada ya kuingizwa upya kutoka nje, na ukazimwa 2018 kwa chanjo hiyo hiyo. Basi unapobeba mnyama usiyejua atokako, kumbuka Pemba. Kila mwaka ifikapo Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sikiliza matangazo ya chanjo ya halmashauri yako.

Na mtu akiumwa, hata na mtoto wa mbwa mwenye meno kama punje za mchele, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku ile ile. Msipake pilipili, mafuta ya taa wala majivu.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Mbwa aliyetunzwa huishi miaka 10 hata 13, na katika muda huo mpangaji wa mjini huweza kuhama mara nyingi. Ukihama ukamwacha, yule uliyemnunua kwa furaha ndiye atakayekuwa koko wa jalalani, asiye na chanjo, anayekutana na watoto wetu alfajiri wakienda shule. Kama hujawa tayari kwa miaka hiyo yote, kufuli imara na jirani mwema vinatosha kwa sasa.